Ngoma ya Mexico na Swali la Babu

Ngoma ya kwanza niliyofundishwa shuleni haikuwa ya Wahaya, wala ya jirani zetu Wasukuma, wala ya kabila lolote la Tanzania. Ilikuwa ngoma ya Mexico. Najua msomaji atashangaa, na pengine atadhani kwamba mzee huyu wa Rubya ameanza kuchanganya mambo. Hapana. Ilikuwa mwaka 1967, nami nilikuwa kidato cha tatu. Aliyetufundisha alikuwa kijana wa Kimarekani wa Peace Corps, lile shirika la serikali ya Marekani lililotuma vijana kwenda kufundisha katika nchi changa. Katika miaka ile walimu Watanzania wenye digrii walikuwa wachache mno, na bila vijana wale madarasa mengi ya sekondari yangekosa mwalimu wa hisabati au wa sayansi. Mwaka 1969 waliondoka nchini, wakarudi tena miaka kumi baadaye.

Mwalimu wetu alifundisha hisabati asubuhi, na Ijumaa jioni alisimamia mazoezi ya viungo. Siku moja alikuja uwanjani na gramafoni na santuri moja. Alitupanga wawili wawili, wavulana watupu, tukacheka kabla hata muziki haujaanza. Ngoma yenyewe iliitwa La Raspa. Unaruka kidogo na kutanguliza kisigino cha mguu wa kulia, unabadili na kutanguliza cha kushoto, unabadili tena cha kulia, kisha unapiga makofi mawili. Unarudia kwa kuanza na mguu wa kushoto. Muziki ukigeuka, unapitisha mkono katika kiwiko cha mwenzako na kuzunguka naye mbio upande mmoja, halafu upande wa pili. Ndiyo yote. Mtoto huishika kwa robo saa, na kwa sababu hiyo ilikwisha kuingia katika mazoezi ya viungo ya shule za Marekani. Wamarekani wengi mpaka leo huichanganya na ngoma nyingine ya Mexico ambayo huchezwa kuzunguka kofia. Sisi tuliipenda mno. Baada ya majuma machache bweni zima lilikuwa likipiga visigino hadi saa ya kulala.

Nilipokwenda likizo nilimwonyesha babu. Alikuwa ameketi uani akitafuna buni, kama ilivyo desturi ya wazee wetu. Nilicheza peke yangu, nikiuimba mwenyewe muziki wa santuri. Babu alitazama miguu yangu tu. Nilipomaliza aliniambia nirudie, nikarudia.

"Miguu yako inasikia," alisema. Kwa babu hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kisha akauliza, "Ngoma hiyo huchezwa lini?"

"Waitu, huchezwa Ijumaa saa kumi jioni."

Babu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipokwisha kuyafuta akasema, "Ijumaa ni huko shuleni kwenu. Mimi nauliza kwao wenyewe. Huicheza wakati gani? Na anayechezewa ni nani?"

Sikujua. Sikuwa nimemwuliza mwalimu, na wala haikunipitia akilini kwamba ngoma yaweza kuulizwa swali la namna hiyo. Babu hakunisumbua zaidi. Alirudia kutafuna buni zake, nami nikaenda kuchota maji.

Inafaa nieleze babu alikuwa nani. Alikuwa mpigangoma katika ikulu ya Mukama wa Ihangiro, ufalme wa ukoo wa Wahinda ambao Rubya yetu ilikuwa ndani yake. Katika nchi za maziwa makuu ngoma ilikuwa na uzito ambao mtu wa leo haoni kwa urahisi. Mnyarwanda akitamka neno ingoma aweza kuwa anataja ngoma inayopigwa, na aweza kuwa anataja ufalme wenyewe. Kwetu nako ngoma za Mukama zilikuwa sehemu ya mamlaka yake, na zilikuwa na watunzaji wake. Kwa jinsi babu alivyosimulia, siku ya baraza watu walicheza omutoro mbele ya Mukama, na mwanaume hakuingia uwanjani akicheza tu. Alisimama kwanza mbele ya kadamnasi akiwa na mkuki, akajigamba: akajitaja yeye ni nani, amezaliwa na nani, amefanya nini na ataufanyia nini ufalme. Majigambo hayo tunayaita ekyebugo. Mtu aliyatunga mwenyewe, na akisema uongo waliomfahamu walikuwapo wakimsikiliza. Ngoma ilimjibu baada ya maneno yake.

Ngoma hiyo ilipata mapigo mawili. La kwanza lilitoka kwa dini. Mapadre wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na mwaka 1904 seminari ikaanzishwa Rubya. Seminari hiyo ilituletea heshima kubwa. Ndimo alimosoma Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa Kardinali. Lakini katika vijiji vyetu mkristo mwema alikuwa mtu asiyeonekana kwenye ngoma. Ngoma ilihesabiwa pamoja na ulevi wa rubisi na matambiko ya mizimu, na katekista hakujisumbua kutenganisha ngoma ya Mukama na ngoma ya pepo. Mama yangu mzazi alilelewa hivyo, na sauti ya ngoma usiku ilimfanya afunge dirisha. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ngoma zikaruhusiwa kanisani, na mama akazizoea. Hata hivyo waliozipiga kanisani walikuwa vijana wa kwaya. Babu hakuitwa.

Pigo la pili lilikuwa la mwaka 1963, serikali ilipofuta utawala wa machifu nchini kote. Sisemi kwamba ilikosea. Taifa moja lisingeweza kuwa na wafalme wengi kiasi kile. Nasema tu kwamba siku ile babu alibaki na mikono inayojua kazi ambayo haikuwapo tena. Aliirudia migomba na mibuni yake. Miaka minne baadaye mjukuu wake akaja kumchezea La Raspa uani.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo serikali ilikuwa ikizitafuta ngoma za asili kwa bidii. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba waliosoma waliweza kucheza dansi za Ulaya, na rumba na chachacha, huku wengi wao hawajapata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama. Mwaka uliofuata kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Vijana kutoka mikoa mbalimbali walikusanywa Dar es Salaam, wakafundishana ngoma za makabila yao na kuzicheza mbele ya wageni wa nchi na katika sikukuu za kitaifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikundi hicho kilivunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni TaSUBa, kikashika kazi ya kufundisha.

Kutoka kwenye kikundi hicho ngoma ziliingia shuleni. Nilipokuwa chuo cha ualimu, tulikomaliza mwaka 1972, tulijifunza sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma. Tulicheza kwa nguvu na kwa kujivunia taifa letu. Baadaye nilisikia wazee wa kusini wakinung'unika kwamba sindimba ilikuwa na uhusiano na jando na unyago, na kwamba mitikisiko ile ya kiuno ilikuwa mafunzo ya faragha kwa vijana wanaotiwa utu uzima, wala haikukusudiwa mgeni rasmi aliyeketi jukwaani na soda mkononi. Nikakumbuka swali la babu. Tulijua sindimba huchezwaje. Hatukujua huchezwa lini, wala anayechezewa ni nani.

Babu alifariki mwaka 1971 nikiwa masomoni. Sikuwa nimemwomba anifundishe kitu.

Swali lake nilianza kulitafutia jibu nikiwa mtu mzima, kwa kusoma habari za Mexico kila nilipopata kitabu. Mpaka hapo Mexico kwangu ilikuwa mambo mawili tu: santuri ile, na John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye mwaka 1968 katika mbio za marathoni za Olimpiki za huko alianguka na kuumia goti, akaendelea hadi mwisho zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Nilipoanza kusoma niliona kwamba watu wa Mexico walipita njia yetu miaka arobaini kabla yetu.

Mapinduzi yao yalianza mwaka 1910, yakaendelea kwa miaka kumi ya vita. Mwaka 1921 waliunda wizara ya elimu ya taifa, na waziri wake wa kwanza alikuwa José Vasconcelos. Nchi ilikuwa na wakulima wengi wasiojua kusoma, na makabila yenye lugha nyingi. Mwaka 1923 wizara ilianza kutuma vijijini makundi ya walimu yaliyoitwa misheni za utamaduni. Ndani ya kundi moja alikuwamo mwalimu wa ualimu wenyewe, mtaalamu wa kilimo, wa afya, wa ufundi, wa muziki na wa mazoezi ya viungo. Walifundisha sabuni na chanjo, na katika kukaa na wanakijiji wakajifunza ngoma zao na kuzipeleka vyuoni na shuleni. Ngoma iliyopewa nafasi ya kwanza ilikuwa jarabe tapatío ya upande wa Guadalajara, hiyo ndiyo ya kofia. Msichana huvaa sketi pana yenye marembo, mvulana huvaa mavazi ya mpanda farasi. Watoto wa shule nchi nzima walifundishwa hiyo, hata wale ambao kwao haikuchezwa kamwe.

Jarabe nayo ilikuwa na historia ya kupigwa marufuku. Mwaka 1802, Mexico ikiwa bado koloni la Hispania, mtawala wa koloni alikataza aina moja ya jarabe kwa madai kwamba ni ya aibu. Nchi ilipojitawala, ngoma iliyokatazwa ikawa alama ya uhuru. Mwaka 1919 Anna Pavlova, mchezaji mashuhuri wa Urusi, aliicheza katika jiji la Mexico kwa ncha za vidole vya miguu, na mabwana waliokuwa wakiidharau wakaanza kuipigia makofi. Mwaka 1952 Amalia Hernández akaanzisha kundi lake la ngoma za Mexico, akiwa na wachezaji wanane tu. Likakua likazunguka dunia, na wapo waliomshukuru na wapo waliolalamika kwamba ngoma za vijiji zimetiwa poda na taa mpaka wenyewe hawazitambui. Miaka hiyo hiyo Keita Fodéba wa Guinea alikuwa akipeleka ngoma za Afrika kwenye majukwaa ya Ulaya, naye alipata shukrani na malalamiko ya aina hiyo hiyo.

Na La Raspa? Huko Veracruz, pwani ya mashariki, ambako ngoma hiyo yahesabiwa kuwa asili yake, watu wana mkusanyiko uitwao fandango. Hufanyika siku ya mtakatifu wa kijiji, au harusini, au katika sherehe yoyote ya watu wa mahali. Magitaa madogo hupigwa usiku kucha kuzunguka jukwaa la chini la mbao. Wachezaji hupanda juu yake na kupiga visigino, hata mbao zenyewe zikawa ngoma. Baina ya vishindo hivyo waimbaji husimama na kutunga mashairi papo hapo, ya kumsifu mtu, kumtania au kujibizana. Veracruz ilikuwa bandari walikoshushwa Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wakitoka pande za Kongo na Angola, na wasomi wa muziki wanausikia urithi wao katika mapigo ya pwani ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 mtumwa mmoja mtoro aliyeitwa Gaspar Yanga aliwaongoza wenzake kupigana na Wahispania mpaka wakakubaliwa kuwa na mji wao wa watu huru. Mji huo leo waitwa Yanga, na mashabiki wetu wa soka wasidhani ni tawi la timu.

Basi jibu la babu lilikuwapo siku zote. Huchezwa usiku wa sherehe, na anayechezewa ni mtakatifu, au bibi harusi, au jirani anayeimbwa kwa jina lake. Mimi nilipokea visigino na makofi mawili. Maneno yalibaki njiani, na usiku ulibaki njiani. Ningaliweza kumweleza babu hayo angaliyaelewa mara moja, maana mashairi yale ya papo hapo ni ndugu wa ekyebugo.

Ningependa kusema kwamba baada ya kujua hayo sikukosea tena. Lakini kosa langu kubwa nilikuwa nimekwisha kulitenda.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari mkoani Kagera. Yakaja mashindano ya shule, na kila shule ilitakiwa kuonyesha ngoma ya asili. Nilimwendea mzee mmoja ambaye ujanani alipiga ngoma pamoja na babu. Hakunikubalia upesi. Mzee huyo alikuwa na watoto wawili wa kiume aliowarithisha ngoma, na wote wawili alikuwa amewazika. Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ulichukua watu wa umri wa kati, wale hasa ambao hupokea kwa wazee na kuwapa watoto. Vijijini walibaki wazee na wajukuu. Mzee alipokubali kuja shuleni nadhani alikuwa ametafakari hayo. Hakuwa na mahali pengine pa kuiweka ngoma yake.

Alifundisha siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda uwanjani na saa. Kanuni ya mashindano ilikuwa dakika saba kwa kila shule, na ngoma yake ilichukua dakika kumi na tisa, kwa sababu kila mvulana alijigamba kwanza. Mzee alikuwa amewafundisha kutunga ekyebugo zao wenyewe. Mmoja alijigamba kwamba amewalea wadogo zake watatu tangu wazazi wao walipofariki, na kwamba hakuna usiku waliolala njaa. Nilisikia maneno hayo, nikaitazama saa.

Nilimwambia mzee tuyaondoe majigambo tubaki na mchezo. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, tukiyaondoa, watoto hawa watakuwa wanacheza kwa ajili ya nini?"

Nikamjibu, "Kwa ajili ya kikombe, Mzee."

Hakubishana. Aliichukua ngoma yake kwapani, akaaga kwa adabu, akaondoka. Sisi tulicheza dakika saba barabara, tukawa wa pili. Kikombe kiliwekwa juu ya kabati ofisini mwangu. Baada ya mwezi nilikwenda kwa mzee kuomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipa buni, tukazungumza habari za bei ya kahawa. Alinisamehe, lakini hakurudi.

Nimeyafikiria sana mambo haya tangu hapo, na nimejiuliza kama shule yafaa kabisa kugusa ngoma. Wapo wenzangu wanaosema haifai: ngoma ikitolewa uani na kupelekwa darasani imekufa, afadhali ibaki kwa wenyewe. Siwezi kukubaliana nao, kwa sababu niliona ua ambao wenyewe wamekwisha. Mexico nako vita na kuhama kwa watu kulivunja vijiji vingi, na pasingekuwa na walimu wale ngoma nyingine zisingesikika tena. Wala sikubaliani na wale wanaosema kitu cha kigeni hakiwezi kuwa chetu. Yatazame maharage. Mhaya hajui mlo usio na ndizi na ebihimba, lakini maharage yametoka upande wa Mexico na nchi za jirani zake, kama mahindi, na kama mkonge ulioletwa Tanganyika mwaka 1893. Hata vanila ambayo wakulima wa Kagera wanailima siku hizi asili yake ni Mexico. Maharage yalikuwa yetu pale yalipopata msimu wa kupandwa chini ya migomba, mtu wa kuyapanda, chungu cha kuyapika na siku ya kuliwa. La Raspa haikupata siku hata moja zaidi ya Ijumaa ile ya mwalimu, na alipoondoka iliondoka naye. Omutoro ilikuwa na siku yake kwa Mukama. Siku hiyo ilipofutwa hapakuwa na aliyeipa nyingine, ila mashindano yenye saa mkononi.

Mwaka 1991 aliingia kidato cha kwanza mvulana mmoja, mjukuu wa yule mzee. Nilimsikia nyuma ya bwalo akiwajigambia wenzake kwa Kihaya kizuri kilichonyooka, nao wamekaa kimya wanamsikiliza. Kumbe babu yake alikuwa akimfundisha nyumbani, jioni kwa jioni. Nilimwita, akadhani nimemwita kumwadhibu. Nikamwuliza kama angeweza kuwafundisha wenzake. Akasema ataomba ruhusa kwa babu yake, na ruhusa ikatolewa.

Safari hii hatukwenda mashindanoni. Tuliipa ngoma siku yake, na siku tuliyoipa ni mahafali ya kidato cha nne. Kila mwanafunzi anayemaliza alisimama mbele ya wazazi, walimu na wadogo zake, akasema ekyebugo yake aliyoitunga mwenyewe: ni nani, ametoka kwa nani, amefanya nini kwa miaka minne, na anakwenda kufanya nini. Wasichana nao walijigamba, jambo ambalo zamani halikuwapo, na wazee wachache walinung'unika. Wanafunzi wasio Wahaya walijigamba kwa Kiswahili au kwa lugha za kwao. Aliyesema uongo alizomewa na bweni lake. Ngoma ilimjibu kila mmoja, na hapana mtu aliyeshika saa. Mahafali ya kwanza ya namna hiyo yalianza saa nne asubuhi, na chakula kililiwa saa kumi na moja jioni, mgeni rasmi akiwa amekwisha kusahau risala yake mfukoni. Mwaka 1994 yule mzee alikuja. Tulimketisha mbele. Hakusema neno juu ya dakika kumi na tisa, wala mimi.

Mwaka 2001 Saida Karoli alipowafanya Watanzania wa mikoa yote waimbe Kihaya bila kukielewa, wanafunzi wetu walitembea kwa kujidai. Waliuliza mengi kuhusu ngoma na kuhusu enanga, kile chombo cha nyuzi ambacho mafundi wake waliimbia tenzi ndefu za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, na ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi amezichunguza kwa makini. Safari hii niliweza kuwajibu baadhi ya maswali, mengine nikawatuma kwa wazee kabla wazee hawajaisha.

Nilistaafu mwaka 2010. Siku ya kuniaga wanafunzi walicheza, na ghafla ngoma ikanyamaza. Kiranja mkuu alikuja akanikabidhi mkuki wa mti, ule tuliokuwa tukiutumia katika mahafali. Walitaka ekyebugo yangu. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa nimewasikiliza watoto wa watu wakijigamba, na mimi mwenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa nimeishi nyumba moja na mtu ambaye angenifundisha, na nilipokuwa na nafasi nilimwonyesha visigino vya Mexico.

Nilishika mkuki, nikataja jina la babu yangu na la baba yangu. Kisha nikawaeleza habari ya mzee aliyeondoka na ngoma yake kwapani mwaka 1987, na maneno niliyomwambia. Nilisema kwa Kihaya, bila vina wala mapigo. Kwa muda mrefu hapakuwa na sauti, na nilidhani sitajibiwa. Halafu mpigangoma, kijana wa kidato cha pili, aliinua mikono yake akapiga.